Mwanamke Aliyepiga Magoti Majini

Bilele, Bukoba
Jumamosi, 6 Septemba 1969

Leo Mwalimu Mutembei amewakwangua watu wangu wote. Watu saba, kazi ya wiki nzima! Alisimama mbele ya turubai, akaguna, akachukua kile kisu chembamba cha kuchanganyia rangi, akaanzia kushoto: mvuvi wa kwanza, wa pili, wanawake wanaoanika dagaa, mpaka mtoto mwenye ndoo. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi hukwanguka kama ukoko wa uji. Kisha akafuta kisu kwenye tambara, akasema, "Binti Josia, hawa si watu. Hii ni migomba iliyovaa nguo."

Nilitamani nimrushie kopo la tapentaini. Badala yake nikasema, "Nitarudia, Mwalimu." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami hiki nakitaka kwa roho yangu yote.

Chama kinajenga ukumbi mpya hapa mjini, na ukutani wanataka picha kubwa ya rangi za mafuta: ufukwe wa ziwa, kijiji cha ujamaa, watu wakifanya kazi pamoja. Lazima iwe tayari kwa sherehe za Uhuru, Desemba. Kazi amepewa Mwalimu, maana ndiye peke yake hapa aliyesomea uchoraji Kampala. Lakini tangu mwaka juzi mkono wake wa kulia unatetemeka. Anga anaweza. Maji anaweza, maana maji yakitetemeka ndiyo maji. Mtu hawezi. Kwa hiyo watu ni wangu. Ndugu Rutashobya, Katibu wa Chama, ametamka mbele yetu wote wawili: watu wakipendeza, nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusomea sanaa ni yangu, mimi Kokwijuka. Wasipopendeza, baba ananingoja Muleba na Buberwa wake, mgane mwenye watoto sita na kikohozi.

8 Septemba

Somo la leo: nyembamba kwanza, nene baadaye. Rangi ya chini iyeyushwe kwa tapentaini ikauke upesi, ya juu ndiyo itiwe mafuta. Ukigeuza, picha itapasuka kama kisigino cha mwanamke wa shamba. Hayo Mwalimu aliyasema huku mkewe anapita pekupeku na ndoo ya maji.

13 Septemba

Amekwangua tena. Safari hii ameiacha ndoo. "Ndoo ina uzito," akasema. "Anayeibeba ndiye hana."

Nimwandike na mkewe, maana namwona kila siku. Anaitwa Immakulata. Pale kwao, mtaa wa Bakoba, yeye ndiye anayepalilia kibanja cha migomba, anayechemsha kahawa, anayeosha brashi zetu kwa sabuni ya mche. Kila akiingia sebuleni hupiga magoti kumsalimu mumewe na mgeni, kama alivyolelewa, na mumewe humjibu bila kuinua macho. Hawakujaliwa mtoto. Huku kwetu mwanamke asiye na mtoto hata jina lake hupungua: wenzake ni mama fulani na mama fulani, yeye ni mke wa Mwalimu. Mwalimu mwenyewe humwita "huyo". Mwambie huyo alete maji. Mwambie huyo afunge mlango.

Mimi namwita Ma Immakulata, kwa adabu. Mara ya kwanza nilipomwita hivyo alisimama kidogo mlangoni, akatabasamu, akasahau alichokuja kuchukua. Namwonea huruma. Lakini pia ananiudhi. Mtu mzima unakubalije kuitwa huyo?

20 Septemba

Amekwangua. Jua kali, vumbi limeingia kwenye anga yake, na hilo nalo eti kosa langu.

24 Septemba

Baba amekuja kutoka Muleba na mkungu wa ndizi na habari za Buberwa. Eti Buberwa ameezeka bati. Nilimsikiliza nimepiga magoti, maana ndivyo tunavyowasikiliza baba zetu, na magoti yakaniuma kuliko siku zote.

"Picha haizai, Kokwijuka," akasema.

"Chuo ni cha Serikali, tata. Nikimaliza nitakuwa mwalimu."

"Ndiyo, ukienda. Bado hujaenda. Krismasi ikifika huna chuo, unakwenda kwa Buberwa. Nimekwisha kusema."

Shangazi Alistidia, ninayekaa kwake, alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Baba alipoondoka akanicheka: "Wee, anza kujifunza kumkanda mzee kifua!" Sikulala vizuri.

27 Septemba

Tumehamia ufukweni. Mwalimu amechoka na watu wangu wa kutunga. "Mtu hachorwi kwa kukumbukwa," amesema. "Mtu anachorwa kwa kutazamwa." Wavuvi tuliwaomba wasimame wakatucheka, nani ana muda wa kusimama akitazamwa? Basi Mwalimu akageuza shingo akasema, "Huyo yupo. Mchore huyo."

Ma Immakulata aliingia majini mpaka chini ya magoti, karai kichwani, akasimama. Lo, alisimama vibaya! Mabega juu, shingo imeingia ndani, kama mtu anayengoja kupigwa. Nikamchora hivyo hivyo. Mwalimu alikaa nyuma yangu juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akitazama turubai. Jioni akakwangua. "Mlingoti wa bendera," akasema, mkewe akisikia.

4 Oktoba

Nimempata! Mungu wangu, nimempata!

Ndugu Rutashobya alipita ufukweni kutazama maendeleo ya kazi, suti yake ya Chama imenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Ma Immakulata alipomwona akasahau kwamba anachorwa. Mkubwa amefika, na mwanamke aliyelelewa kwetu hamsalimu mkubwa akiwa wima. Akapiga magoti. Pale pale majini! Maji yakamfika kiunoni. Mkono mmoja ukashika ukingo wa karai, mwingine ukatangulia mbele juu ya maji kana kwamba unatafuta sakafu. "Shikamoo, waitu," akasema.

Ndugu Rutashobya akajibu marahaba upande wa mdomo, huku anazungumza na Mwalimu habari za saruji, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimeganda. Yale mabega yalishuka. Shingo ilitoka, ndefu, nzuri. Uzito wa karai ulipita mgongoni mwake ukaingia majini, na mtu angeuona ukipita. Nikapiga kelele, "Usiinuke! Ma Immakulata, nakuomba usiinuke!" Naye hakuinuka. Nilichora bila kuosha brashi, nikichanganya rangi kwa kidole. Mawimbi yalimsukuma, akarudi mahali pake kila mara bila kuambiwa.

Mwalimu alikuja na kisu mkononi. Akasimama muda mrefu. Kisha akakirudisha mfukoni. Nimekimbia kutoka ufukweni mpaka Bilele kama mwendawazimu.

5 Oktoba

Jumapili. Kanisani mchungaji alihubiri juu ya sijui nini. Kichwani nilikuwa napanga vidole vya mkono wa kushoto wa Ma Immakulata.

8 Oktoba

Vuli imeanza. Wavuvi wana kibanda chao cha bati, Mwalimu ameomba tuweke turubai humo. Sisi tunakaa pakavu. Ma Immakulata anapiga magoti majini, mvua inamwangukia. Ni sawa, mvua inalainisha ukingo wa bega. Nimeona kwamba maji yakipiga mgongoni kitambaa kinashika mwili, na mwili ukionekana kazi inakuwa nyepesi.

11 Oktoba

Mkono umekaa. Hakukwangua.

15 Oktoba

Mvua. Karai limekaa. Nimechora wavuvi wawili na wanawake wa dagaa kwa siku moja tu, sasa najua. Wote nimewapa mgongo wa Ma Immakulata.

18 Oktoba

Leo Mwalimu ametamka jambo la ajabu. Alikuwa ameinamia turubai, pua karibu iguse rangi, akasema polepole, "Sikujua ana shingo namna hii."

Nikadhani atageuka amtazame mwenye shingo, ambaye alikuwa hatua chache tu majini, akitetemeka. Hakugeuka. Aliendelea kuitazama ile ya rangi.

Baadaye, tukiwa tunakamua nguo zake mimi na yeye nyuma ya kibanda, nilimwuliza Ma Immakulata kama hachoki. Nilimwuliza kwa adabu tu, sikutaka aseme ndiyo.

"Nachoka, mwanangu. Magoti yanauma, yale mawe."

"Basi kwa nini unakubali?"

Alikamua kanga mpaka tone la mwisho. "Miaka kumi na tisa yule bwana hajanitazama," akasema. "Anaangalia ukuta, anaangalia kikombe. Sasa kutwa nzima ananitazama. Nikiwa pale majini naona kichwa chake kinanielekea. Acha anitazame."

Kutoka majini mtu anaona kichwa tu kimeelekea upande wake. Hawezi kujua kwamba katikati kuna turubai. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Ningemwambia, angerudi majini kesho?

25 Oktoba

Ma Immakulata anakohoa. Shangazi Alistidia, ambaye ni Mlutheri mpaka mvua inapozidi, amesema Mugasha, mungu wa ziwa, hapendi mtu wa kumpigia magoti kila siku bila kumletea kitu, siku moja atachukua mwenyewe. Nikamwambia Mugasha hayupo, ni ushamba huo. "Basi baridi ipo," akasema. "Mama wa watu huyo, mwacheni aote moto."

Lakini bado uso. Turubai nzima imekamilika, anga, maji, mitumbwi, watu kumi na moja, na katikati pale mbele kabisa kuna mwanamke hana uso. Picha bila uso ule ni tiketi yangu ya kwenda kwa Buberwa.

29 Oktoba

Kifua kinamwuma. Ameniambia mimi, akaniomba nisimwambie Mwalimu. "Atasema najidekeza," akasema. Nimemwahidi. Ahadi hiyo haikunigharimu kitu.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Naandika mkono ukiwa bado na rangi.

Ma Immakulata alitoka misani moja kwa moja akaja ufukweni, gauni lake jeupe la Wanawake Wakatoliki ndani ya mfuko, lile kuukuu mwilini. Ziwa lilikuwa baya. Kisiwa cha Musira hakikuonekana kabisa, mvua ilikuwa ukuta. Wavuvi hawakutoka. Hata Mwalimu aliuliza, "Leo itawezekana?" Aliniuliza mimi. Na mimi, Kokwijuka binti Josia, nikasema itawezekana, mwanga wa mvua ni mzuri kwa uso.

Akapiga magoti. Wimbi la kwanza likamfika kifuani. Alikohoa, karai likayumba, akalishika. Nilianza na paji la uso. Mwalimu alikuwa begani kwangu, nasikia pumzi yake. "Mwambie huyo ainue kidevu," akasema. Nikapaza sauti, "Ma Immakulata, inua kidevu!" Akainua. Akamwelekea mumewe, au alipodhani mumewe yupo, na katikati ya ile baridi uso wake ukafunguka. Nimeishi nikiuona uso ule mwezi mzima na sikuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa msichana anayesubiri kuitwa jina.

Nikachora. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mtu mwingine angesema, mtazame, mama anakufa kwa baridi. Mimi nilisema moyoni: zambarau, na buluu kidogo sana, na nyeupe. Nikaipata mara moja. Macho. Pua. Alikohoa tena, akainama mpaka karai likaanguka na kuelea, na mwenyewe akalifuata kwa magoti, akaliweka kichwani, akarudi palepale. Ningeweza kusema toka, inatosha. Sikusema kwa sababu shavu la kushoto lilikuwa bado.

Lilipokamilika niliweka brashi chini. "Tayari," nikasema. Mwalimu alikuwa analia. Kweli kabisa, machozi yanamtiririka mzee mzima. "Ni mzuri," akasema. "Kumbe ni mzuri hivi." Alikuwa anaiambia turubai. Ma Immakulata alitoka majini peke yake, akaanguka mchangani, akainuka, akaja mpaka mlango wa kibanda. Akauliza, "Amesema nini?"

Nikamwambia, "Amesema wewe ni mzuri."

Alicheka. Meno yakigongana hivyo, alicheka.

3 Novemba

Hajainuka kitandani.

5 Novemba

Wamempeleka hospitali kwa machela. Kichomi, wamesema, na amecheleweshwa. Mwalimu aliniuliza kama nilijua kifua kilikuwa kinamwuma. Nimesema sikujua.

7 Novemba

Ma Immakulata amefariki asubuhi.

9 Novemba

Tumemzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake mwenyewe alichokuwa akikipalilia, mvua ikijaza kaburi kabla ya jeneza. Wanawake wa parokia waliimba. Mwalimu alisimama mkono unatetemeka mpaka akaushika kwa mkono mwingine. Walipotafuta picha yake ya kuweka juu ya meza ya rambirambi, haikuwepo. Hata moja. Siku ya ndoa yao mpiga picha hakuja, na baada ya hapo hakuna aliyeona haja.

Mwalimu akaenda sebuleni, akaondoa shuka lililofunika turubai iliyorudishwa kutoka ufukweni. Waombolezaji wote wakaingia, wakamwona pale amepiga magoti majini. Wanawake walipiga yowe. Mimi nililia pia, na nilipokuwa nalia nikaona kwamba kivuli chini ya karai ni kizito mno, kinahitaji kupunguzwa.

15 Novemba

Senene wamefika kwa wingi. Mji mzima uko nje na magunia tangu alfajiri. Shangazi amekaanga. Sikula.

18 Novemba

Mwalimu hafundishi tena. Anakaa mbele ya turubai tangu anapoamka. Nikiingia ananiambia, "Tumsalimie kwanza." Namwogopa kidogo. Hapo zamani nilidhani mtu huyu anajua kila kitu kuhusu kutazama.

22 Novemba

Ndugu Rutashobya amekuja kukagua. Alitazama anga akasema safi. Wavuvi, safi. Mitumbwi, safi sana. Kisha akafika katikati, uso ukamkunjika.

"Huyu anafanya nini?"

"Anasalimu, Ndugu Katibu," nikasema.

"Anapiga magoti."

"Ndiyo. Kwa desturi yetu..."

"Desturi!" Alivua miwani. Sauti yake haikuwa ya mkutanoni, ilikuwa ya mtu aliyekanyagwa kidonda. "Mimi baba yangu alikuwa mtwarwa, mnajua? Alimlimia bwana wa nyarubanja shamba lililokuwa la babu yake mwenyewe, na kila akienda kumsalimu alipiga magoti kwenye tope mpaka yakaota sugu. Nilimwona kwa macho yangu haya. Umwinyi huo wa nyarubanja tumeufuta. Leo mnataka nimpigishe magoti mwananchi ukutani, ndani ya ukumbi wa Chama, siku ya Uhuru?"

Mwalimu akasema, bila kusimama, "Alikuwa anakusalimu wewe."

"Nani?"

"Mke wangu. Siku ile ufukweni, ulipokuja na habari za saruji. Ni wewe aliyempigia magoti."

Ndugu Rutashobya alifikiri kwa dhati, namshuhudia, hakuwa mtu wa kuigiza. "Sikumbuki," akasema. "Pole kwa msiba, Mwalimu. Lakini watu wananisalimu wengi." Akavaa miwani. "Mwinueni. Asimame. Mnenepesheni kidogo, anaonekana mgonjwa. Na acheke, mwanamke wa ujamaa ana sababu ya kucheka."

"Picha hii haitaguswa," akasema Mwalimu.

Ndugu Rutashobya akanigeukia mimi. "Dada, anayechora watu hapa ni nani?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Ni mimi," nikasema.

24 Novemba

Nilikwenda asubuhi, kulikuwa na mwanga mzuri baada ya mvua. Rangi bado mbichi. Vuli hii hakuna kitu kilichokauka Bukoba, si kahawa wala nguo kwenye kamba.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya turubai, mikono ameitandaza. Akajaribu kila njia. Tutafute turubai nyingine. Nikamwambia hii ilitoka Kampala kwa meli, na siku zimekwisha. Basi ngoja ikauke, uchore juu yake, angalau awe yupo chini ya rangi. Nikamwambia, "Mwalimu, ukipaka rangi nyembamba juu ya nene inapasuka. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akaanza kukunja magoti. Mwanamume wa Kihaya, mzee wa makamo, mbele ya msichana kama mimi.

"Usipige magoti, Mwalimu," nikamwambia. "Katibu amekataza."

Maneno yalinitoka kabla sijayapima, na yalipokwisha kutoka sikuyajutia. Niliwakumbuka watu wangu wote aliowakwangua, Jumamosi baada ya Jumamosi, akifuta kisu kwenye tambara. Alisogea pembeni. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi kabla hujaanza, ninakilie uso wake kwa penseli. Karatasi ninayo. Uso tu, Kokwijuka."

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Kazi ya nusu saa tu hiyo. Lakini mawingu yalikuwa yanarudi kutoka ziwani, na nilimhitaji mwanamke mpya awe amesimama kabla hayajafika.

"Baadaye," nikasema. "Mwanga huu haurudi."

Nikachukua kisu, nikaanzia kwenye shavu la kushoto.

25 Novemba

Amesimama. Mnene kiasi. Anacheka.

6 Desemba

Picha imetundikwa. Jua, baada ya wiki nzima.

9 Desemba, Uhuru

Ukumbi ulijaa. Ngoma, kwaya, hotuba. Ndugu Rutashobya aliniita mbele, akatangaza nafasi ya Dar es Salaam, watu wakapiga makofi. Baba alikuja na koti lake la kanisani. Alisimama chini ya picha akasema, "Huyu mama mnene anafanana na watu wa Muleba," na kwa baba hiyo ndiyo baraka. Habari za Buberwa hazikutajwa tena.

Mwalimu hakuja.

11 Desemba

Leo jioni naondoka kwa meli. Asubuhi Mwalimu alituma mtu: ile karatasi vipi?

Niliketi barazani kwa Shangazi nikachukua penseli. Nikaanza na umbo la kichwa, hilo lipo. Karai. Shingo. Nikafika usoni, na uso haukuja. Nakumbuka zambarau na buluu kidogo sana na nyeupe. Nakumbuka ni brashi ipi. Uso wenyewe, jinsi macho yalivyokaa, mdomo ulivyoishia, nimetafuta kila mahali na sina. Nililia, sitaficha, nililia kwa hasira. Kisha nikafuta machozi kwa sababu meli haingoji. Shangazi alikuwa anamenya ndizi mbele yangu, basi nikachukua macho yake. Pua nikaitunga. Mdomo nimeutoa kwa yule mnene wa ukutani, nikaufunga usicheke.

Nilimpelekea Bakoba. Nyumba inanuka moshi, hakuna wa kumpikia. Nikampa karatasi mlangoni ili nisiketi, nikangoja anipige nayo usoni. Nilikuwa tayari. Nilitaka anipige.

Aliishika kwa mikono miwili itulie. Akaitazama kwa muda mrefu, karibu sana na macho, mpaka karatasi ikaanza kulowa.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Ningemtambua popote."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Ndiye."